Mkanda wa kifua wa kusoma mapigo ya moyo: miezi saba nauvaa hapa Mwanga, Kigoma

Nianze na bei maana najua ndo kitu cha kwanza mtu anauliza. Mkanda wenyewe Sh. 95,000 kwa wakala wa Kariakoo, mzigo kwa basi mpaka Kigoma Sh. 8,000, betri ya akiba Sh. 2,000. Jina la kampuni silitaji, nna mazuri ya kuusema na nna ya kulalamika na sitaki mtu aje na habari za kwamba nimelipwa. Mikanda ya aina hii iko mingi na inafanana, kwa hiyo mengi ya hapa yatakufaa hata ukinunua wa jina lingine.

Mi ni fundi simu, nna meza Mwanga. Na nna tatizo la hisia, nalisema wazi kwa sababu kulificha nimeshachoka. Kuna vipindi napanda, silali, naagiza spea za laki sita ambazo hamna mteja aliyeziulizia, naongea mpaka watu wanachukua simu zao mbovu wanaondoka nazo hivyo hivyo, alafu kuna vipindi nashuka, meza naifunga saa nne asubuhi, simu za watu zinalala kwenye droo wiki mbili na mtu akiniuliza kwa nini sina cha kumjibu. Hospitali walisema baipola. Nyumbani Ujiji walishasema ya kwao, ya kurogwa, na kuna shangazi alinipeleka hadi huko mbele ya Mwandiga kwa mzee fulani, hiyo sio habari ya leo.

Kilichonifanya niutafute mkanda ni kipimo cha kwanza nilichopimwa, na hicho nakipa nyota sifuri. Kuna sehemu moja wanauza virutubisho, nje wameweka spika inatangaza kupima mwili mzima kwa elfu kumi. Unaingia, wanaandika umri, urefu, uzito na jinsia yako kwenye laptop, wanakupa kijichuma ushike kiganjani kama umeshika kalamu nene, dakika moja, printa inaanza kutema karatasi. Ini, figo, mifupa, na mwishoni mwishoni msongo wa mawazo, umepanda. Dada wa pale akanambia mashine imesoma mapigo ya moyo na mishipa ya fahamu, na dawa ipo, maboksi matatu, Sh. 180,000. Nikamuuliza kwa adabu kabisa, dada, chuma kimoja mkono mmoja kinasomaje umeme wa moyo? Maana umeme wa moyo unaonekana kwa kulinganisha sehemu mbili za mwili, hapa na pale, ndo maana hospitali kwenye ECG ya kawaida wanakubandika vipande kumi, na hata zile saa za mkononi zenye ECG lazima uguse kwa kidole cha mkono wa pili. Akanijibu, kaka hii ni teknolojia mpya.

Wiki iliyofuata nikarudi siku ambayo yule dada hayupo, yupo kijana mwingine, nikamwambia nna miaka 61. Nna 31. Chuma kile kile, mkono ule ule. Mifupa imeisha, tezi dume ina dalili, na msongo wa mawazo haupo! Nimezeeka miaka thelathini kwa siku saba na mawazo yamenitoka. Kilichosomwa ni ule umri niliouandikisha. Elfu ishirini yangu ndo ilikwenda hivyo, na nilivyotoka nilikuta kuna mama anafungua kitambaa atoe pesa za yale maboksi.

Basi hasira zile ndo zikanifanya nisome usiku kucha (nilikuwa pia nimepanda kidogo, sitadanganya) nijue kama kweli kuna uhusiano wa mapigo na hisia au ni utapeli mtupu. Uhusiano upo. Ila sio kama wanavyouuza.

Weka kidole kwenye mshipa wa mkono saa hizi, vuta pumzi polepole alafu iachie polepole. Ukivuta pigo zinakimbia kidogo, ukiachia zinakawia. Hiyo sio hitilafu, moyo wenye afya ndo unavyofanya kazi. Kile kisehemu cha juu kwenye moyo kinachozalisha umeme wa pigo, kikiachwa peke yake kinapiga kama mara 100 kwa dakika, na moyo wa kupandikizwa, ambao mishipa yake ya fahamu imekatwa, unapiga karibu na huko huko na karibu kwa kulingana. Anayeushusha mpaka 60 au 70 ukiwa umetulia ni neva moja ndefu inatoka kwenye ubongo inapita shingoni, inaitwa vegasi, hiyo ndo breki. Na breki hii inabanwa na kuachiwa kila pumzi, kwa hiyo nafasi kati ya pigo na pigo zinatofautiana kwa milisekunde. Utofauti huo ndo wataalamu wanaita HRV. Ukipima kundi kubwa la watu wenye sonona, yani ugonjwa wa kushuka hisia, na kundi la wasio nayo, utofauti kwa wastani ni mdogo kwa wale wenye sonona. Kwa wastani. Hilo neno lishike maana huko mbele litanitokea puani.

Mi mtu wa namba kidogo kwa hiyo ngoja nioneshe hesabu, asiyetaka aruke. Tuseme nafasi za pigo zangu zimefuatana hivi: milisekunde 812, 856, 790, 845. Tofauti kati ya moja na inayofuata ni 44, 66 na 55. Kila tofauti izidishe kwa yenyewe, tafuta wastani wake, alafu toa kipeuo cha pili: unapata kama 56. Hiyo namba inaitwa RMSSD, ndo programu nyingi zinaionesha hata zikiipa jina lingine la kupendeza. Sasa chukua mtu mwingine, 700, 706, 698, 703, hesabu ile ile unapata 6.5. Breki imelegea. Vipimo vyenyewe viliwekewa utaratibu mwaka 1996 na wataalamu wa moyo wa Ulaya na Marekani Kaskazini waliokaa pamoja wakaandika nini kipimwe na kwa muda gani, na toka hapo kipimo kifupi cha kawaida ni dakika tano, kirefu ni saa 24. Programu ya dakika moja ukiikuta usiitupe, ila usiipe mamlaka makubwa.

Na wenzetu wameshaenda mbali. Kwenye mradi mmoja wa Ulaya ambao Chuo Kikuu cha Pisa, Italia, kilikuwemo, walitengeneza tisheti yenye sensa ndani ya kitambaa, wagonjwa wa baipola wanaivaa, mapigo yanarekodiwa, kompyuta inajaribu kutambua mtu yuko kipindi gani, ameshuka, amepanda au yuko sawa. Mi kusoma hivyo nikasema basi nimepona, lete mkanda.

Umekuja. Mkanda wenyewe ni wa mpira wa kitambaa unaufunga chini ya kifua, kwa ndani una vibapa viwili vinavyogusa ngozi, katikati kidude kinabanwa kama kifungo cha shati, kinaongea na simu kwa bluetooth. Vibapa lazima vilowe. Mi natumia maji, wengine mate, ukiuvaa mkavu utapata takataka. Faida yake kubwa kuliko saa za mkononi ni kwamba unasoma umeme wa moyo moja kwa moja, zile saa nyingi zinamulika mwanga wa kijani kwenye ngozi na kukisia damu inavyopita, ukiwa umelala sawa, ukitikisa mkono mambo yanaharibika. Napima saa kumi na mbili asubuhi nimelala chali, kabla bajaji hazijaanza kelele, dakika tano. Kwenye kushika mapigo naupa nyota nne na nusu, kwa hela ile sina maneno.

Nusu ya nyota nimeikata kwa siku hii. Mwezi wa pili nimeamka RMSSD inasema 140. Mi kawaida yangu 40 mpaka 55. Kijani kabisa, programu inanipongeza kwa mwili uliopumzika, nikatembea mtaani kifua mbele. Mchana nikafungua faili lenyewe la nafasi za pigo, nikakuta 812, 500, 1150, 845. Mkanda ulikuwa umelegea kwa kufuliwa sana, ukaona pigo mahali ambapo hamna, inayofuata ikaonekana imechelewa. Pigo tisa kumi za namna hiyo ndani ya dakika tano zinatosha kukufanya bingwa wa afya. Na sio mkanda tu, moyo wenyewe una pigo za kuwahi, watu wengi wanazo na nyingi hazina madhara, lakini zinaharibu hesabu vile vile. Programu nzuri inazisafisha kwanza. Hii yangu inasema inasafisha.

Sasa sehemu niliyojifunza zaidi. Kila mwezi mchoro wangu ulikuwa unatengeneza bonde, siku nne tano namba inazama mpaka ishirini na kitu, alafu inapanda. Nikajua tayari, huu ndo ugonjwa wangu una mzunguko, nikachapisha mchoro kwa rangi nikaupeleka kliniki ya afya ya akili kwa sista ambaye ananiona toka mwaka juzi, mama mtu mzima, hana haraka.

"Shikamoo sista."

"Marahaba mdogo wangu, leo umekuja na mtihani?"

Akauangalia ule mchoro juu ya miwani, muda mrefu, alafu akaniuliza tarehe hizi mwezi unakuwaje. Mwezi gani? Mwezi wa juu, wa mbinguni. Aisee nilicheka peke yangu. Mbalamwezi! Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti kitu, wavuvi wa Kibirizi wanapumzika, wanapanda Mwanga kuleta simu zilizoingia maji, na kwa kuwa wana hela na hawana kazi, jioni tunakaa. Bia. Bonde langu la kila mwezi lilikuwa bia nne tano kwa jioni siku nne mfululizo. Pombe inabana hiyo namba vibaya sana, usiku ule na asubuhi yake, na sista wala hakuhitaji hesabu ya kipeuo, alihitaji kujua naishi wapi.

Mara nyingine ilizama sio mbalamwezi, nikaapa sasa nashuka, nikajiandaa kisaikolojia kabisa, kesho yake homa ikapanda, kipimo cha kidole kikasema malaria, nikapewa dawa ya mseto. Kwa hiyo mkanda uliona. Ila uliona kwamba mwili una vita, haukusema na nani.

Na kuna dada mmoja muuza mawese, jirani wa meza, aliuazima akapata 9, akaja analia anasema kumbe mimi nna sonona sijijui. Nikamuuliza anatumia dawa gani. Ana sukari miaka mingi na anapewa amitriptyline kwa maumivu ya ganzi ya miguu. Sasa sukari ya muda mrefu inaharibu zile neva zenyewe za moyo, na amitriptyline, ambayo ni dawa ya zamani ya sonona, yenyewe inapunguza huo utofauti. Na umri nao unapunguza. Yani dawa inayotibu sonona inaweza kukupa namba ya mwenye sonona! Nilimwambia ile namba asiifanyie chochote, dawa asiache, aende kliniki yake ya sukari akaseme tu kwamba mapigo yake yako hivi. Toka siku hiyo siazimi mtu.

Mara moja ulinisaidia kweli, nisiunyime haki yake. Mwezi wa tano, pigo zangu za asubuhi zilipanda toka 62 kwenda 74, RMSSD ikashuka siku sita mfululizo, sijanywa, sina homa, na mi mwenyewe najisikia vizuri ajabu, nna mawazo ya kufungua maduka matatu, moja Kasulu. Kichwa changu nikiwa hivyo hakinishauri kitu cha maana. Ila nilikuwa nimeandika kwenye daftari nikiwa mzima, kwamba ikishuka siku tano bila sababu nenda. Nikaenda. Sista akaniambia ukweli, kwamba inawezekana namba inaonesha tu kwamba hulali, na usiku nilikuwa nalala masaa matatu tu, hilo hata bila mkanda angeliona, lakini akasema bora umekuja siku ya sita kuliko wiki ya tatu na madeni juu. Dawa zikarekebishwa. Duka la Kasulu halikufunguliwa, nashukuru.

Hapo hapo ndo nikaelewa hospitali wao moyo wanaupima kwa sababu nyingine. Dokta aliniandikia ECG kabla ya kuongeza dawa, nikadhani anatafuta baipola kwenye ule mchoro, kumbe anaangalia usalama, maana baadhi ya dawa za akili zinarefusha muda wa moyo kujichaji baada ya pigo na ukirefuka mno moyo unaweza kwenda kombo. Akaagiza na damu ya tezi ya shingo, kwa sababu tezi ikizidisha kazi mtu anakuwa na mapigo ya mbio, halali, ana hamaki, unaweza ukamwita baipola bure. Mkanda wangu hauna habari na vitu vyote hivyo.

Sasa hii nimesitasita kuiandika lakini bila hii tathmini haina maana. Mwezi wa saba nilikuwa nimeshuka. Asubuhi ya kliniki nimepima, 52, kijani, programu imeandika leo ni siku nzuri ya mazoezi. Nikamuonesha sista simu, mi mwenyewe nataka anambie niko sawa niondoke. Akaiweka simu pembeni, akatoa yale maswali tisa, PHQ-9, ya Kiswahili, kila swali unapewa alama 0 mpaka 3 kwa jinsi jambo lilivyokusumbua wiki mbili zilizopita. Usingizi, hamu ya kula, kujiona hufai. Swali la tisa ni lile la kama umewaza bora ungekufa au kujidhuru. Hakulisoma haraka haraka kama ya mwanzo. Nikakaa kimya. Nikasema siku kadhaa.

Mapigo yangu muda ule sijui yalikuwa mangapi, sikuwa nimevaa.

Hakunipa hotuba. Aliuliza nyumbani yupo nani, nimewaza kufanyaje, akaniambia siondoki mpaka amempigia kaka yangu, kaka akaja na bodaboda toka Gungu bado ana vumbi la saruji, dawa zangu kuanzia siku hiyo anakaa nazo shemeji ananipa za siku mbili mbili, na kliniki badala ya mwezi ikawa kila Jumanne. Kijani ile nimeihifadhi, nimeipiga picha ya skrini, huwa naiangalia nikianza tena kuuamini mkanda kupita kiasi.

Malalamiko mengine madogo madogo. Programu yake yote Kiingereza, na neno wanalotumia ni stress kwa kila kitu, malaria stress, bia stress. Baada ya miezi mitatu wakaanza kudai malipo ya kila mwezi ili uone michoro yako mwenyewe, nikahamia programu ya bure inayotoa faili la nafasi za pigo, hesabu nafanya kwenye laptop. Simu ya bei rahisi bluetooth inakatika katikati unaanza upya. Na taarifa zinapanda kwenye seva za watu, mi fundi simu najua watu wanavyoacha vitu wazi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo toka 2022 lakini hiyo seva haiko Tanzania, kwa hiyo akaunti niliandikisha kwa jina ambalo sio langu.

Kwa ujumla nyota tatu. Kama una daftari la kuandika usingizi, pombe, homa na dawa pembeni ya namba, na una mtu wa kukaa naye kliniki akaisoma pamoja na wewe, nunua. Kama unataka kikwambie una ugonjwa gani, weka hiyo 95,000, nauli ya kwenda hospitali haifiki hata robo yake. Betri ni ile bapa CR2032, Mwanga zipo, chukua ya 2,000, ile ya 500 haimalizi wiki. Mkanda ukifua usiuanike juani, mpira unalegea utaanza kupata 140 kama mimi. Anayetaka kuuona kwa macho kabla hajaagiza aje mezani tu, ila asije jioni za mbalamwezi, siku hizo saivi nafunga mapema.